Amana ya Chupa ya Soda: Ni Pesa ya Nani, na Ushuru Unaingia Wapi?

Familia inayoandaa arusi Msambweni huenda dukani kuchukua soda za chupa za glasi. Ikiwa haina kreti tupu za kubadilishana, hulipa pesa za aina mbili kwa pamoja: bei ya soda, na amana ya chupa na kreti, ambayo wengi huiita dipoziti. Arusi ikiisha na chupa zikirudi nzima, amana nayo hurudi. Shida huanza pale mwenye duka anapoandika pesa zote kuwa mauzo, au mteja anapokosa karatasi ya kuonyesha kuwa aliacha amana.

Pesa mbili, hesabu mbili

Bei ya soda ni malipo ya kinywaji. Ikishalipwa, ni mali ya mwenye duka. Amana ni dhamana tu. Mwenye duka huishika hadi chupa irudi, na wakati wote huo ni deni lake kwa mteja.

Tuchukue mfano. Ushuru wa VAT nchini Kenya hutozwa kwa kiwango cha kawaida cha asilimia 16, na kwa kawaida bei ya dukani huwa tayari imebeba ushuru huo. Tuseme kreti ya chupa 24 inauzwa shilingi 1,160. Ndani yake, shilingi 160 ni VAT. Amana ni shilingi 580, hivyo mteja hutoa jumla ya shilingi 1,740. Muuzaji aliyesajiliwa akihesabu VAT kwa jumla hiyo yote, atapata shilingi 240. Zile 80 za ziada zitatoka mfukoni mwake, kwani mteja akirudisha chupa atadai shilingi 580 zake kamili.

Duka dogo nalo

Usajili wa VAT ni wa lazima kwa biashara yenye mauzo yanayotozwa ushuru huo ya shilingi milioni 5 au zaidi kwa mwaka. Biashara ndogo inaweza kuwa chini ya ushuru wa mauzo, yaani TOT. Sheria ya Fedha ya 2023 iliweka kiwango chake kuwa asilimia 3, kwa biashara yenye mauzo ya zaidi ya shilingi milioni 1 hadi milioni 25 kwa mwaka. Hulipwa kila mwezi, kabla ya tarehe 20 ya mwezi unaofuata kupita.

TOT hutozwa kwa mauzo yote bila kutoa gharama. Ndiyo maana amana ikishachanganywa na mauzo ni vigumu kuitenganisha baadaye. Duka la Ukunda lililouza bidhaa za shilingi 150,000 kwa mwezi hulipa shilingi 4,500. Likijumlisha amana ya shilingi 10,000, litalipa shilingi 4,800, ingawa pesa hizo bado ni za wateja.

Chupa ikivunjika au isiporudi, amana hubaki dukani ili kufidia chupa ambayo mwenye duka naye anadaiwa na muuzaji wa jumla. Kinachosalia baada ya kufidia ni mapato, na kiandikwe hivyo.

Kila mahali na utaratibu wake

Suala hili lina ubishi hata kwa wakubwa. Kampuni za soda, Mount Kenya Bottlers ikiwa miongoni mwao, zimewahi kuvutana mahakamani na Mamlaka ya Ushuru Kenya, KRA, kuhusu kama chupa za kurudishwa zihesabiwe katika thamani inayotozwa ushuru wa bidhaa. Huko Marekani, jimbo la New York halitozi ushuru wa mauzo kwa amana ya chupa, ilhali California huutoza pale kinywaji chenyewe kinapotozwa. Kwa hivyo, aliyesajiliwa VAT aulize KRA jinsi ya kuonyesha amana kwenye risiti ya eTIMS kabla ya kuwasilisha hesabu.

Kaunti inahusika vipi?

Kifungu cha 209 cha Katiba kinaipa serikali ya kitaifa pekee mamlaka ya kutoza VAT, ushuru wa bidhaa na ushuru wa mapato. Kaunti haitozi VAT kwa soda wala kwa chupa. Jukumu la kaunti ni kuzoa na kutupa taka. Chupa yenye amana hurudi dukani. Isiyo na amana ni rahisi kuachwa ufuoni Diani, ikamkata mtu mguu.

Mambo ya kufanya

1. Mwenye duka awe na ukurasa wa amana kando na ule wa mauzo: tarehe, idadi ya chupa, pesa zilizopokelewa na zilizorudishwa.
2. Pesa za amana zisitumiwe kununua bidhaa. Mteja anaweza kuzidai siku yoyote.
3. Mteja aombe karatasi inayotaja bei na amana kila moja peke yake, na aitunze hadi arudishe chupa.
4. Mwenye swali la ushuru afike Huduma Centre mjini Kwale, au afisi ya KRA iliyo karibu.

Wahenga walisema, mali bila daftari hupotea bila habari. Kwa amana, mali inayopotea huenda ikawa ya mtu mwingine.