Shingo, Chumvi na Ugali wa Muhogo
Kijitabu cha kaya kuhusu uchovu na uzito unaoletwa na tezi ya thairoidi: kata ya Nyamisangura na majirani zake wa Tarime na Serengeti

Kila mtaa una mama ambaye majirani wameanza kumsema. Zamani alfajiri ilimkuta shambani. Siku hizi jua linamkuta kitandani. Anavaa sweta mchana kweupe, wenzake wakitokwa jasho. Asubuhi uso umemvimba kidogo, nywele zinabaki kwenye kitana, choo kinapatikana kwa shida, hedhi imekuwa nzito, na gauni la mwaka jana linambana ingawa chakula chake hakijaongezeka. Nyumbani anaitwa mvivu. Wengine wananong'ona kuwa karogwa. Mwenyewe amekwisha kumeza dawa ya malaria zaidi ya mara moja bila kupimwa, kwa kuwa huku kwetu uchovu hupewa jina la malaria kabla ya kipimo.

Kijitabu hiki ni chake, na ni cha wote wanaokula naye chungu kimoja. Uvivu haumfanyi mtu asikie baridi juani wala haukatishi nywele. Dalili hizo zikija pamoja zina sababu mwilini, na mojawapo ya sababu hizo iko shingoni.

Tezi yenyewe

Tezi ya thairoidi imekaa mbele ya shingo, chini ya koromeo, mabawa yake mawili yakiukumbatia mrija wa hewa. Inatengeneza homoni inayoamua mwili utumie chakula kwa kasi gani: moyo upige mara ngapi, utumbo usukume choo kwa mwendo gani, ngozi ipate joto kiasi gani. Homoni ikipungua, mwili unakuwa kama chungu kilichopunguziwa kuni: hakipoi, ila kinachelewa kuchemka.

Ili itengeneze homoni hiyo, tezi inahitaji madini joto. Mtu mzima anahitaji maikrogramu 150 kwa siku, na mama mjamzito au anayenyonyesha anahitaji 250. Ni kidogo mno. Mahitaji ya maisha yote ya mtu hayajazi kijiko cha chai. Lakini mwili hauwezi kuyatengeneza wala kuyaweka akiba kwa muda mrefu, na katika nchi za miinuko zilizo mbali na bahari, mvua za miaka na miaka huyaosha kutoka kwenye udongo. Mazao ya udongo huo huyakosa. Tezi ikikosa madini joto hujitanua ikijaribu kunasa hata yale machache yaliyopo, na hapo ndipo rovu, ambalo wengi tunaliita goita, linapoanza kuonekana.

Hata hivyo si kila tezi iliyochoka imekosa madini joto. Kwa watu wengine, wanawake zaidi, kinga ya mwili huigeukia tezi na kuiharibu taratibu, hata kama chumvi ya nyumbani ni nzuri. Wengine tezi yao imefanyiwa upasuaji. Ndiyo maana jirani hawezi kukuambia tatizo lako kwa kukutazama tu.

Jitazame leo

Simama penye mwanga ukiwa na kioo. Inua kidevu kidogo, chukua funda la maji, meza huku ukitazama sehemu ya chini ya shingo. Uvimbe unaopanda na kushuka pamoja na mmezo huenda unatoka kwenye tezi, na mhudumu wa afya anapaswa kuushika na kuupima. Shingo isichanjwe chale wala isipakwe dawa ya kuunguza. Kumbuka pia kwamba tezi inaweza kuchoka bila uvimbe wowote, kwa hiyo shingo laini si hati ya afya.

Chumvi ya jikoni kwako

Miaka ya 1980, karibu robo ya Watanzania walikuwa na rovu. Serikali, kupitia Taasisi ya Chakula na Lishe iliyoanzishwa mwaka 1973, iligawa vidonge vya mafuta yenye madini joto katika wilaya zilizoumia zaidi, kisha katikati ya miaka ya 1990 ikaja sheria ya kuweka madini joto kwenye chumvi. Upimaji wa mwaka 2004 ulionyesha rovu limeshuka hadi karibu asilimia 7. Mambo machache katika afya ya nchi hii yameleta faida kubwa kama hiyo kwa gharama ndogo kiasi hicho. Inauma kuona faida hiyo ikipotea ndani ya nyumba, chumvi ikiachwa wazi.

Madini joto yanapotea kwa jua, unyevu na moto. Pakiti iliyopasuliwa na kuegeshwa karibu na mafiga, ikipokea mvuke wa kila chungu, inapungua nguvu siku hata siku. Imimine kwenye kopo lenye mfuniko, liweke mbali na moto, na uchote kwa kijiko kikavu. Chumvi itie mboga inapokaribia kuiva, usiitie maji yakiwa ndiyo kwanza yanachemka. Sokoni nunua iliyofungwa na kuandikwa kwamba ina madini joto. Ile inayopimwa kwa kopo kutoka kwenye gunia lililo wazi hujui imeshinda juani siku ngapi. Magadi ya kulainishia maharage hayashiki nafasi ya chumvi hiyo, na nayo yanaweza kupandisha shinikizo la damu.

Tunasema chumvi nzuri, hatusemi chumvi nyingi. Shirika la Afya Duniani linashauri mtu mzima asizidi gramu 5 kwa siku, yaani kijiko cha chai kilichosawazishwa kwa milo yote. Watu wazima sita wakila kwa kipimo hicho, pakiti ya nusu kilo inapaswa kuwafikisha siku 16 au zaidi. Ikiisha ndani ya wiki moja, chumvi nyumbani kwenu imezidi.

Kuna jambo linalowashangaza wengi: samaki wa ziwani hawana madini joto mengi kama wa baharini. Dagaa na sato wa Ziwa Victoria ni chakula bora kwa sababu nyingine, na tutaziona sasa hivi, lakini mtu asiache chumvi yenye madini joto kwa kuwa anakula samaki kila siku.

Muhogo mchungu: tulipitia hapa

Mwaka 1985 ukame uliibana Wilaya ya Tarime, wakati huo Rorya ikiwa bado ndani yake. Mahindi na mtama vilipokauka, muhogo mchungu ulibaki, kwani unastahimili ukame, na sumu yake huwafukuza wadudu na wanyama. Njaa haina subira. Muhogo uliozoeleka kuandaliwa kwa siku nyingi uliliwa haukuandaliwa vya kutosha, tena bila kitoweo. Watu, wengi wao watoto na wanawake, walipooza miguu ghafla wakabaki na ulemavu wa kudumu. Ugonjwa huo unaitwa konzo, na mlipuko wetu umeandikwa katika majarida ya udaktari ya dunia.

Konzo inaingiaje kwenye habari ya tezi? Sumu ya muhogo ni sianidi. Ikiingia kidogo kidogo, mwili unaigeuza kuwa thayosianati ili uitoe kwenye mkojo. Thayosianati hiyo hiyo hugombania mlango na madini joto pale yanapotaka kuingia kwenye tezi. Katika kisiwa cha Idjwi, Ziwa Kivu, watafiti wa miaka ya 1960 walikuta rovu limejaa upande wa kaskazini na ni haba kusini magharibi, ingawa madini joto yalikuwa machache kisiwa kizima. Maelezo yao yaliishia kwenye muhogo. Kwa hiyo muhogo ulioandaliwa vibaya huidhuru zaidi tezi ambayo tayari ina upungufu, na anayekula muhogo kila siku ndiye anayehitaji zaidi chumvi nzuri.

Hatusemi acheni muhogo. Ugali wa muhogo uliochanganywa na mtama umelea watu wa nchi hii vizazi kwa vizazi, na makopa yaliyovundikwa vizuri ni salama. Tunachosema ni kwamba siku za kuvundika zisifupishwe. Menya, loweka au vundika hadi muhogo ulainike kabisa na kubonyea kwa kidole, kisha anika hadi vipande vivunjike kwa mlio mkavu. Ukinunua unga sokoni na huna hakika nao, changanya na maji ufikie kuwa rojo zito, utandaze juu ya ungo au turubai safi kwa unene usiozidi sentimita 1, uache saa mbili juani au saa tano kivulini. Sumu hupaa na upepo. Usonge ugali siku hiyo hiyo.

Halafu kuna kitoweo. Mwili hauwezi kuigeuza sianidi bila protini, hasa ile ya samaki, maziwa, mayai na nyama. Maharage nayo yanasaidia. Ugali wa muhogo na dagaa, au na maziwa ya mgando, ni mlo uliobeba kinga yake ndani yake. Ugali wa muhogo na chumvi tupu, au na chai ya rangi, ndio wa hatari. Nyumba ambayo baba anapewa kitoweo na watoto wanachovya mchuzi imewaweka watoto hao kwenye hatari kubwa kuliko baba.

Kabichi na sukuma wiki nazo zina viini vinavyoisumbua tezi zikiliwa mbichi na kwa wingi kupita kiasi. Zikipikwa kawaida hazina tatizo. Kuleni, pamoja na mnavu, mchicha na mgagani.

Kuhusu kilo

Tezi ikichoka, uzito huongezeka, lakini si kama watu wanavyodhani. Kwa kawaida sehemu inayoletwa na tezi yenyewe ni kilo 2 hadi 5, na sehemu kubwa yake ni chumvi na maji yaliyobaki mwilini, si mafuta. Mtu aliyeongezeka kilo 15 ana sababu nyingine pamoja na tezi, nazo mara nyingi ziko kwenye kikombe na sufuria ya mafuta: soda, chai ya vijiko vinne vya sukari, maandazi ya asubuhi, chapati ya jioni.

Kujinyima chakula hakusaidii. Mwili uliokwisha kupunguza kasi ukinyimwa chakula, uchovu unaongezeka. Badilisha sahani: mboga za majani nusu, ugali robo (wa mtama au ulezi usiokobolewa ni bora), maharage au samaki robo. Uji wa ulezi usiotiwa sukari nyingi unashibisha kuliko maandazi mawili. Tembea kila siku kadiri nguvu zinavyoruhusu, hata kama mwanzo ni kwenda kwa jirani na kurudi.

Kuhusu maji

Maji hayatibu tezi wala hayayeyushi mafuta, na anayekuuzia maneno hayo anataka pesa yako. Kazi yake hapa ni mbili, nazo ni kubwa. Utumbo uliozembea unahitaji maji na mboga ili choo kitoke. Na kiu isiyozimwa huongeza kichwa kuuma na uchovu juu ya uchovu uliopo. Lita 2 hivi kwa siku zinamtosha mtu mzima wa kawaida. Anayelima juani anahitaji zaidi. Mkojo ndio kipimo: ukiwa wa rangi ya majani makavu, vizuri, ukiwa kama chai ya rangi, kunywa.

Usijilazimishe madumu. Tezi ikiwa dhaifu sana figo hutoa maji polepole, na maji mengi kwa mkupuo yanaweza kushusha chumvi ya damu hadi mtu akachanganyikiwa. Aliyevimba uso naye asiache kunywa, kwa maana uvimbe wake hautokani na maji ya kikombe. Mwenye ugonjwa wa moyo au figo afuate kipimo cha daktari wake. Maji yawe yamechemshwa au yametiwa dawa, kwa sababu kuhara kunamaliza nguvu haraka kuliko tezi.

Kipimo na dawa

Nenda zahanati au kituo cha afya ueleze dalili zote, si uchovu peke yake. Watapima malaria na wingi wa damu kwanza, na ni sawa, maana upungufu wa damu unafanana sana na tezi iliyochoka. Hivyo vikiwa vizuri, uliza kuhusu kipimo cha damu cha homoni kinachoitwa TSH. Huenda ukapewa rufaa kwenda Hospitali ya Mji wa Tarime, Musoma au Bugando, Mwanza.

Ikithibitika kwamba homoni imepungua, hakuna mlo wala mzizi utakaoirudisha tezi iliyokwisha kuharibika. Dawa ni kidonge cha levothairoksini, kwa wengi maisha yote, na namna ya kukimeza ni muhimu sawa na kidonge chenyewe. Meza asubuhi tumbo likiwa tupu, kwa maji matupu, kisha subiri nusu saa hadi saa nzima kabla ya chai au uji. Maziwa na kahawa vinaizuia dawa isiingie mwilini. Vidonge vya madini ya chuma, kalsiamu na dawa za kiungulia viache mbali nayo kwa saa nne. Wagonjwa wengi wanaosema dawa haifanyi kazi wanaimeza kwa chai ya maziwa. Nafuu huanza kuonekana baada ya wiki kadhaa, na damu hupimwa tena baada ya wiki 6 hadi 8.

Wanaokonda

Wapo ambao tezi yao imezidisha kazi. Hao wanakula sana na wanakonda, moyo unawapiga mbio wakiwa wamekaa, mikono inatetemeka, joto linawashinda, na wengine macho yanatokeza. Mtaani wanadhaniwa wana VVU au kifua kikuu. Wapimwe hayo, wapimwe na tezi. Wanahitaji chakula na maji zaidi, wala wasinunue dawa za kuongeza madini joto, kwa kuwa zinaweza kuwasha moto zaidi.

Mjamzito na mtoto

Ubongo wa mtoto tumboni hutegemea homoni ya mama, hasa miezi ya mwanzo, na upungufu mkubwa wa madini joto unaweza kumfanya mtoto azaliwe bubu, kiziwi au mwenye akili iliyodumaa. Mama anayetumia levothairoksini asiiache anapopata mimba. Aende kliniki mara tu anapohisi, kwani kipimo cha dawa mara nyingi huongezwa. Vidonge vya kuongeza damu anavyopewa kliniki avimeze mchana au jioni. Baada ya kujifungua, mtoto mchanga anayelala kupita kiasi, anayenyonya kwa uvivu, mwenye ulimi mkubwa, kitovu kilichotokeza, au manjano yasiyoisha wiki ya pili, apelekwe hospitali siku hiyo hiyo.

Na mtu mzima yeyote ambaye uvimbe wa shingo unamzuia kumeza au kupumua, ambaye sauti imekwaruza bila mafua, au mwenye dalili za tezi kuchoka ambaye amepoa mwili na anasinzia bila kuamshika, asisubiri asubuhi.