Somo juu ya Neno la Mzaha na Masikio ya Mwanafunzi

Katika somo la mwezi huu twataka kufikiri juu ya jambo lionekanalo dogo, yaani maneno ya mzaha yasemwayo shuleni juu ya watu wapendao wenzao wa jinsia moja. Mabishano mengi yako makanisani juu ya watu hao, wala hatukusudii kuyamaliza hapa. Twauliza neno moja tu: mwanafunzi aliye mmoja wao, akiketi darasani na kuyasikia maneno hayo, husikia nini? Wazee wetu walisema, adhabu ya kaburi aijuaye maiti. Basi na tumsikilize yeye aumwaye.

1. Habari ya neno lenyewe

Waingereza wana neno gay, walilolipata zamani kwa Wafaransa, na maana yake ya kwanza ilikuwa mwenye furaha na uchangamfu. Katika karne ya 20 watu wapendao wa jinsia yao walilishika liwe jina lao, maana majina mengine waliyopewa yalikuwa ya matusi au ya ugonjwa. Kisha watoto wa shule katika Marekani na Uingereza wakaligeuza tena. Kalamu isiyoandika huitwa gay. Kazi ya nyumbani iliyo ngumu huitwa gay. Viatu vilivyochakaa kadhalika. Hivyo jina la watu likawa jina la kila kitu kibovu.

2. Asemaye asemavyo

Asemaye hujitetea, “Sikumtaja mtu, nimetaja kalamu.” Wala si watoto tu wasemao hivyo. Mwaka 2006 mtangazaji mmoja wa redio ya BBC aliuita mlio wa simu kwa neno hilo, na malalamiko yakaletwa. Kamati ya magavana wa BBC ilijibu kwamba vijana hulitumia neno hilo kwa maana ya kitu hafifu, na kwamba mtangazaji hakukusudia kuwachukia watu. Tena mwaka 2012 Mark McCormack alitoa kitabu juu ya wavulana wa shule 3 za Uingereza. Aliona kwamba wengi walitumia maneno ya namna hii pasipo chuki, hata mbele ya marafiki zao wapendao wa jinsia yao. Ni haki tuyaseme hayo, maana si kila alitamkaye neno hilo ana moyo mbaya.

3. Asikiaye asikiavyo

Lakini nia ya msemaji ni nusu ya habari tu. Mwaka 2011 chama cha GLSEN cha Marekani kiliwauliza wanafunzi 8,584 wa namna hii, wenye umri wa miaka 13 hata 20. Katika kila 100, kama 85 walisema kwamba hulisikia neno hilo likitumiwa kwa ubaya mara kwa mara shuleni, na kama 91 walisema kwamba huwasumbua. Mwaka 2012 wataalamu wa Chuo Kikuu cha Michigan walitoa habari za wanafunzi 114 wa chuo. Wale waliolisikia mara nyingi zaidi ndio waliojiona zaidi kuwa wametengwa, tena waliumwa zaidi na kichwa na kukosa hamu ya chakula. Uchunguzi huo hauthibitishi kwamba neno peke yake ndilo lililoleta maumivu, ila waonyesha kwamba mambo hayo huandamana.

Kwa nini huumia, hali hakutajwa? Hapa yafaa tufikiri sana. Tusi la wazi lina mtu wake; aliyetukanwa aweza kujibu, na wenzake waweza kumtetea. Lakini mzaha huu haukuelekezwa kwake, kwa hiyo hana pa kujibia. Akisema, “Acheni neno hilo,” wataulizana, “Lamhusu nini yeye?” na siri yake iko hatarini. Akinyamaza, hubaki peke yake. Akicheka pamoja nao, amejicheka nafsi yake. Njia tatu ziko mbele yake, na kila moja ina mwiba.

Tena yeye huhesabu. Kila alisemaye neno hilo, mwanafunzi humwandika moyoni: huyu siwezi kumwambia neno langu. Msemaji amekwisha kusahau, lakini asikiaye amepungukiwa na mtu mmoja wa kumkimbilia siku ya taabu. Na mtu huyo pengine ni rafiki yake wa kweli, ambaye angalimpokea.

4. Kimya cha mwalimu

Uchunguzi uliofanywa Uingereza mwaka 2012 na chama cha Stonewall pamoja na Chuo Kikuu cha Cambridge ulionyesha kwamba katika wanafunzi 100 wa namna hii, 99 walikuwa wamesikia neno hilo shuleni likitumiwa hivyo. Lakini 10 tu walisema kwamba walimu hukemea maneno ya kuwadharau watu hao kila wayasikiapo. Mwalimu hudhani kwamba kunyamaza si kusema. Mwanafunzi hufahamu vingine: mkubwa amesikia, naye ameridhika. Wala halihitajiwi kemeo kali. Yatosha kusema kwa upole, “Kalamu ni mbovu, sema ni mbovu. Lile ni jina la watu.”

5. Na sisi?

Tusidhani kwamba jambo hili ni la Wazungu tu. Pwani yetu mwanamke humwita mwenziwe shoga, naye huitika kwa furaha; neno lilo hilo likitupwa njiani kwa mwanamume ni tusi. Hivyo tusiseme kwamba neno lina maana moja, ile iliyo kinywani mwetu. Mzaha mzaha hutumbua usaha. Hatuwajui wote waketio katika madawati yetu, na aliyejificha hatajitokeza ili atufundishe. Kwa hiyo yatupasa kusema kana kwamba yupo, maana pengine yupo.

Maswali ya kuzungumza pamoja

1. Ni maneno gani ya mzaha tuyatumiayo sisi, ambayo ni majina ya watu?

2. Kwa nini yeye asiyetajwa aweza kuumia kuliko aliyetajwa?

3. Mwalimu au mzazi asikiapo neno la namna hii, aseme nini bila kumwaibisha aliyelisema?