Kila Chombo cha Jikoni na Kazi Yake

Mwezi huu katika ukurasa wetu wa afya tuingie jikoni. Najua wapo watakaosema, "Jikoni ni kwetu tangu utoto. Muuguzi atatufundisha nini kuhusu mwiko na sufuria?" Ni kweli, vyombo mnavijua. Lakini katika miaka mingi ya kazi wodini nimeona kwamba maradhi mengi ya nyumbani huanza pale chombo kimoja kinapopewa kazi ya chombo kingine.

Jioni moja aliletwa kwetu mtoto wa miaka miwili, anakohoa na kuhema kwa shida, mdomo unanuka mafuta ya taa. Mama yake alikuwa amehifadhi mafuta hayo kwenye chupa ya soda, chini ya meza. Mtoto alisikia kiu, akaiona chupa, akanywa. Kwa hofu, mama alimtia kidole kooni ili atapike, kisha akamnywesha maziwa. Alipotapika, mafuta yakaingia mapafuni. Tulimweka kwenye oksijeni siku kadhaa, na tunamshukuru Mungu alipona. Mama yule aliniambia neno ambalo sijalisahau: "Sista, mtoto anajua ile ni chupa ya soda."

Alisema kweli. Mtoto hajui kusoma maandishi, lakini chombo anakijua. Hilo ndilo somo letu la leo. Tutavipitia vyombo vyetu kimoja kimoja: kazi yake ni nini, na hatari iko wapi.

1. VYOMBO VYA MAJI

Mtungi, ndoo na dumu ni vya kuhifadhia maji. Kata na jagi ni vya kuchotea. Kikombe ni cha kunywea. Kazi hizi tatu zisichanganywe. Kosa linaloonekana katika nyumba nyingi ni kuchota kwa kikombe kilekile cha kunywea. Mkono unaingia mtungini pamoja na vidole vyake, na maji yaliyochemshwa kwa kuni za shida yanachafuka kwa dakika moja.

Kwa hiyo kata iwe na mpini mrefu, itundikwe ukutani, isiwekwe sakafuni. Mtu achote, amimine kwenye kikombe, ndipo anywe. Chombo chenye mdomo mwembamba na kifuniko, au ndoo yenye bomba chini, ni bora zaidi kwa sababu mkono haupati nafasi ya kuingia. Maji ya kunywa yachemshwe mpaka yatokote kwa nguvu, yapoe yakiwa yamefunikwa katika chombo hichohicho. Dumu la maji ya kunywa lisitumike kubebea kitu kingine chochote.

2. VYOMBO VYA KUTAYARISHIA CHAKULA

Ungo. Kazi ya ungo si kupepeta makapi tu. Ni mahali pa kuchambua nafaka kwa macho. Punje za mahindi au karanga zilizoota ukungu, zilizobadilika rangi, zilizosinyaa au kuvunjika huweza kuwa na sumukuvu. Sumu hii haiishi kwa kupika. Mwaka 2016, katika mikoa ya Dodoma na Manyara, watu 20 walifariki kwa sumu hiyo. Basi mama anapokaa na ungo mwangani, asiharakishwe. Anachokitupa kinalinda maini ya familia nzima. Punje hizo mbovu asipewe kuku wala ng'ombe.

Kinu na mchi. Watu wengi hudhani tunatwanga kisamvu ili kilainike tu. Majani ya muhogo yana sumu ya asili, na kutwanga ndiko kunakoyavunja ili sumu itoke. Kisha yachemshwe vizuri, sufuria ikiwa wazi kwa muda wa kutosha, mvuke utoke. Kisamvu kilichokatwakatwa kwa kisu na kuchemshwa haraka hakifai. Na kinu cha chakula kisitumike kusagia dawa ya shamba au tumbaku, hata mara moja. Mbao hunyonya.

Kisu na kibao. Nyama mbichi, kuku na samaki huja na vijidudu vingi. Moto huviua, lakini kisu na kibao havikupita motoni. Mama akikata kuku, kisha akapangusa kisu kwa kitambaa na kukatia kachumbari, vijidudu vya kuku vimehamia kwenye nyanya zitakazoliwa mbichi. Familia itasema, "Kuku alikuwa mbovu," kumbe kuku aliiva vizuri na kosa lilikuwa kwenye kibao. Kama uwezo upo, kuwe na vibao viwili. Kama ni kimoja tu, anza na kachumbari na matunda, umalizie na nyama. Kisha osha kisu, kibao na mikono kwa sabuni.

Mbuzi na kifumbu. Mbuzi ya kukunia nazi ina meno makali, na watoto hukimbia jikoni. Ukimaliza kukuna, ikunje na kuigeuzia ukutani. Kifumbu cha kuchujia tui hubakiza machicha katika nyuzi zake, na machicha huchacha upesi. Kioshwe mara moja baada ya kazi na kuanikwa juani.

3. VYOMBO VYA KUPIKIA

Chungu, sufuria na kikaango ni vya kupikia, si vya kuhifadhia. Chakula kilichoiva kisikae zaidi ya saa mbili katika joto la kawaida la nyumba. Vijidudu huzaana haraka katika uvuguvugu ule. Kiporo kikiliwa, kipashwe mpaka kitoe mvuke kote, hadi katikati, si kuvuguvugizwa juu juu.

Kuna jambo jingine kuhusu sufuria. Nyingine hutengenezwa na mafundi kwa kuyeyusha vyuma chakavu vya kila aina, na humo risasi inaweza kuingia. Uchunguzi uliochapishwa mwaka 2014 juu ya sufuria za namna hiyo kutoka Kamerun ulionyesha kwamba risasi hutoka na kuingia katika chakula. Risasi hudhuru ubongo wa mtoto polepole, bila homa wala maumivu ya kumshtua mzazi. Vitu vichachu kama nyanya, ukwaju na ndimu ndivyo hasa huitoa. Kama una sufuria ambayo hujui imetengenezwa kwa nini, usipikie humo mchuzi wa nyanya au wa ukwaju, na usiulaze humo usiku. Chungu cha udongo kisichopakwa rangi ya kung'aa kinafaa.

Kifuniko cha sufuria ni chombo kamili, si ziada. Wapo wanaofunikia wali kwa mfuko wa plastiki ili uive kwa mvuke. Plastiki ile haikutengenezwa kwa moto. Tumia kifuniko, sahani ya bati au jani la mgomba, kama walivyofanya bibi zetu.

Mwiko ni wa kusongea ugali na upawa ni wa kupakulia. Anayeonja amimine kidogo kiganjani au kwenye kijiko kingine, asilambe upawa na kuurudisha chunguni. Mwiko uliopasuka hubeba mabaki ndani ya nyufa. Uwe kuni.

Mpini wa kikaango uelekezwe ndani, mtoto asiufikie. Mtu akiungua, mmwagie maji safi ya baridi mahali palipoungua kwa dakika 20, kisha mfunike kwa kitambaa safi na kumleta hospitali. Msipake mafuta, majivu, yai wala dawa ya meno.

4. VYOMBO VYA KULIA

Bakuli, sahani, sinia na kawa. Kawa hufukuza nzi vizuri, lakini haizuii chakula kuchacha. Usimwekee baba chakula chini ya kawa tangu saa saba mchana akila saa tatu usiku bila kukipasha moto.

Mtoto mdogo awe na bakuli lake. Akila sinia moja na kaka zake wakubwa, wenye mikono mipana humaliza yeye akiwa bado anapuliza tonge la kwanza. Mama hataweza kusema amekula kiasi gani. Wengi wa watoto tunaowapima uzito na kuwakuta wamepungua wanatoka katika nyumba zenye chakula.

Kwa mtoto mchanga, kwa miezi 6 ya kwanza maziwa ya mama peke yake yanatosha, bila hata maji. Ikilazimu apewe maziwa yaliyokamuliwa, tumia kikombe kidogo cha wazi na si chupa yenye chuchu. Kikombe huoshwa kikatakata, lakini chuchu ya chupa hubakiza uchafu usioonekana.

5. VYOMBO VYA KUPIMIA

Kijiko cha jikoni ni cha kulia. Kijiko kimoja cha chai si sawa na kingine, na mtoto wa kilo 8 hahitaji makosa mengi ili dawa izidi. Dawa ya maji ipimwe kwa kipimo kilichokuja na chupa yake, au bomba lisilo na sindano. Uliza dirishani kabla ya kuondoka.

Mtoto akiharisha, mchanganyie dawa ya chumvi chumvi ya pakiti. Soma pakiti kujua inahitaji maji kiasi gani, lita moja au nusu lita. Usikisie kwa jagi. Chupa mbili za maji za nusu lita ni lita moja kamili. Ikiwa pakiti haipo, chukua lita moja ya maji safi, vijiko vidogo vya chai 6 vya sukari na nusu kijiko kidogo cha chumvi, vyote vikiwa vya kusawazishwa, si vya kurundika. Chumvi ikizidi ni hatari. Onja: isizidi chumvi ya machozi. Kilichobaki baada ya saa 24 kimwagwe. Hata hivyo mlete mtoto apimwe na apewe vidonge vya zinki vya siku 10 hadi 14.

6. KISICHOKUWA CHA JIKONI

Sasa turudi kwenye chupa ile ya soda. Mafuta ya taa, dawa ya wadudu, dawa ya panya, tindikali ya betri na dawa ya kusafishia choo visiwekwe kamwe katika chupa ya kinywaji, bakuli wala kikombe. Vibaki katika chombo chake chenye maandishi, juu, penye kufuli, mbali na jikoni. Na dumu lililokuwa na dawa ya shamba lisigeuzwe la maji, mafuta ya kula wala pombe, hata likioshwa mara kumi. Litobolewe ili asitokee mtu wa kulitumia.

Ajali ikitokea, usimtapishe mtoto, wala usimnyweshe maziwa au mafuta. Mvue nguo zilizolowa, mwoshe ngozi, umkimbize hospitali pamoja na chupa yenyewe, ili tujue amekunywa nini.

7. KUOSHA NA KUANIKA

Vyombo vioshwe kwa sabuni, visuuzwe kwa maji safi, kisha vipangwe kwenye kichanja vikauke juani. Kichanja ni miti michache na kamba, fedha haihitajiki. Kitambaa kinachofuta meza, mikono ya watoto na sahani hueneza uchafu tu. Karibu na jiko pawe na kibuyu chirizi na sabuni, na kila anayeingia kupika anawe kwanza.

Akina baba, somo hili si la akina mama peke yao. Kichanja, rafu ya juu na kufuli ni kazi ya mikono yenu. Kinga ni bora kuliko tiba.

MASWALI YA KUJADILI NYUMBANI AU KATIKA JUMUIYA

1. Nyumbani kwetu, ni chombo gani kinafanya kazi mbili zisizopatana?
2. Mafuta ya taa na dawa za shamba tumeviweka wapi leo hii? Mtoto anaweza kuvifikia?
3. Kati ya kata yenye mpini, kibao cha pili, bakuli la mtoto na kichanja, ni kipi tunaweza kukipata wiki hii?