Usichomoe Flashi Ovyo: Ndani Kuna Kilo Zetu



Katika koperative zetu za kahawa na kakao, daftari la karatasi siku hizi liko na mwenzake: ordinatere. Karani anaandika kilo za kila memba ndani ya Excel, kisha anaweka faili katika flashi ili ifike ofisi ya mjini. Kile kitu kidogo kama kidole kinabeba majina yetu, kilo zetu, na hesabu ya risturni tunayongojea mwisho wa msimu. Mara ingine kinabeba pia alama za GPS za mashamba. Sheria ya Umoja wa Ulaya ya mwaka wa 2023 juu ya ukataji wa misitu inataka wanaoingiza kahawa na kakao kule waonyeshe shamba zilikotoka. Kwa hiyo faili ikiharibika, hasara si ya karani peke yake.

Hatari inatoka wapi?

Mtu anaona kazi ya kukopia imefika mwisho, anavuta flashi, anaenda. Lakini ordinatere inaweza kuwa haijamaliza kuandika. Kwanza inashika habari katika kumbukumbu yake, kisha inaziandika ndani ya flashi polepole. Ni kama kwenye mizani: mpimaji ametaja kilo 43, karani amesikia, lakini kalamu haijagusa daftari. Ukimnyang'anya daftari saa ile, zile kilo 43 hazitaonekana popote.

Kuna jambo la pili. Flashi iko na orodha yake ya ndani inayoonyesha kila faili imewekwa wapi. Ukivuta wakati orodha ile inaandikwa, hata faili za zamani ambazo hukuzigusa leo zinaweza kupotea machoni. Mifuko ingali ndani ya depo, lakini ukurasa unaoonyesha mfuko gani ni wa nani umepasuka.

Wengine wanasema ordinatere za siku hizi haziombi mambo hayo yote. Kuna ukweli kidogo ndani yake: tangu mwaka wa 2018, Windows 10 imepangwa iandike ndani ya flashi bila kukawia. Lakini kama faili bado inakopiwa, mpango huo hauilindi. Tena, ordinatere nyingine ni za zamani, ao mtu amebadilisha mipango yake. Kungoja sekunde chache hakutuzuii kazi.

Hatua za kufuata

1. Hifadhi kazi yako kwa kubonyeza Enregistrer. Kisha funga Excel na kila faili uliyofungua kutoka kwa flashi.
2. Kama flashi iko na taa, iangalie. Taa ikiwaka-waka, kazi ingali inaendelea. Ngoja.
3. Angalia chini ya ekrani, upande wa kuume, karibu na saa. Bonyeza mshale mdogo, kisha alama ya flashi, na uchague neno Éjecter lenye jina la flashi yako.
4. Ngoja ordinatere iseme kwamba unaweza kuitoa bila hatari. Hapo njo unachomoa, kwa kuvuta sawasawa bila kupindisha.

Ikikataa je?

Ikisema flashi ingali inatumika, maana yake kuna programu imeshika faili. Funga zote, ngoja kidogo, jaribu tena. Ikikataa tena, zima ordinatere kabisa kwa neno Arrêter, na uchomoe ikiisha kuzimika. Kuilaza tu hakutoshi.

Jihadhari na neno Formater

Flashi iliyovutwa vibaya, ukiirudisha, ordinatere inaweza kuomba uiformati. Usikubali. Bonyeza Annuler. Kuformati ni kutayarisha flashi iwe tupu, kama vile kuchoma shamba lote ili ulime upya. Usiandike kitu kingine ndani yake. Ipeleke kwa fundi anayejua kurudisha faili. Usipoandika kitu juu yake, fundi yuko na nafasi nzuri zaidi ya kuzipata.

Flashi moja haitoshi

Hata mwenye kuchomoa vizuri anaweza kupoteza flashi njiani, ao inyeshewe. Tunashauri nakala mbili za faili: moja ndani ya ordinatere, nyingine ndani ya flashi inayokaa nyumba tofauti na ofisi. Daftari la karatasi nalo lisitupwe. Ukiisha kukopia na kuchomoa, rudisha flashi, fungua faili, utazame jina la mwisho na jumla ya kilo. Zilinganishe na karatasi. Zikiwa sawa, sasa unaweza kusafiri nayo.

Maswali ya kujadili katika mkutano

- Faili ya memba wetu iko mahali pangapi leo?
- Zaidi ya karani, nani mwingine anajua hatua hizi nne? Karani akigonjwa siku ya malipo, nani atashika kazi?
- Mara ya mwisho tulilinganisha faili na daftari la karatasi ilikuwa lini?

Memba hata asiyegusa ordinatere yuko na haki ya kuuliza maswali haya, sababu kilo zilizo mule ni jasho lake.