Mungu Anatawala, Nasi Tukae Chomboni

Somo: Matendo ya Mitume 27:21–44



Tangu Aprili 2023 kuna swali hapa kwetu ambalo halijaisha: kama Mungu ndiye Mwenye Enzi yote, alikuwa wapi Shakahola? Zaidi ya miili 400 ilifukuliwa katika ule msitu. Upande wa mashtaka unasema waumini walifundishwa kufunga hadi kufa ili wakutane na Yesu. Mhubiri anayeshtakiwa amekana. Hukumu ni ya mahakama. Lakini fundisho la namna hiyo ni lazima sisi tulipime kwa Neno.

Twende kwa Paulo, ndani ya meli yenye watu 276 na dhoruba kali.

1. Mungu alishaamua mwisho. Malaika alimwambia Paulo kwamba hakuna hata mmoja atakayepotea (mst. 22–24). Huo ndio utawala wa Mungu. Upepo haukuulizwa, wala Kaisari hakuulizwa.

2. Mungu aliamua na njia pia. Mabaharia walipotaka kutoroka na mashua, Paulo hakusema, “Waacheni, Mungu ameshaahidi.” Alionya kwamba wale wasipobaki chomboni, wengine hawataokoka (mst. 31). Ahadi ilikuwa ya kweli, na mabaharia walihitajika. Mvuvi wa Malindi anaelewa hili. Anaomba, halafu anaangalia kusi inavumaje kabla hajasukuma mashua.

3. Mtumishi wa kweli aliwaambia watu wale. Hapa tusome polepole. Walikuwa wamekaa siku 14 bila chakula. Paulo, mwenye ufunuo kutoka kwa malaika, aliwasihi wale kwa ajili ya uhai wao. Akatwaa mkate, akamshukuru Mungu mbele ya wote, akaanza kula yeye mwenyewe (mst. 33–36). Kufunga ni ibada, na Yesu mwenyewe alifunga. Lakini baadaye aliona njaa na akahudumiwa. Anayekufungisha mpaka ufe ameshika kiti kisicho chake, kwa maana siku zetu ziko mkononi mwa Mungu.

Sasa, Mungu alikuwa wapi? Sina jibu la kumfuta mama machozi. Ninachojua ni kwamba Yusufu aliuita uovu wa ndugu zake uovu, hata alipokiri kwamba Mungu aliugeuza kuwa wema (Mwanzo 50:20). Kwa hivyo tusiseme, “Ni mapenzi ya Mungu,” tukanyamaza. Enzi ya Mungu haimpi mtu yeyote kinga ya kutoulizwa, hata mchungaji. Hata mimi niulizeni.

Mpendwa, kama umeacha dawa za presha, sukari au ARV kwa sababu umeombewa, rudi kliniki wiki hii. Kama mtoto hajapelekwa chanjo, mpeleke. Hiyo si kukosa imani. Ni kukaa chomboni.

Mwisho wa safari, wengine walifika pwani kwa kuogelea, wengine juu ya mbao, lakini wote walifika (mst. 44). Mungu alitimiza neno lake, hata kwa vipande vya mbao.

Ya kujadili katika vikundi vya nyumbani
– Ni “mashua” gani unayotaka kutorokea?
– Ni jirani gani amejifungia ndani, hali chakula, na hatujabisha hodi?

Tuombe: Bwana, wewe unatawala. Tupe imani ya kukungoja na akili ya kutii. Amina.