Kurudufu kitabu cha mtu na kukiuza ni dhulma

NJE ya msikiti mmoja mjini Iringa, baada ya swala ya Ijumaa, niliuziwa tafsiri ya juzuu moja ya Qur'an kwa bei ya kutupa. Kuifungua, nikakuta ni fotokopi, tena jina la mchapishaji limekatwa. Kijana muuzaji, mwenye adabu zake, akanijibu: "Ustadh, elimu ya dini haina mwenyewe." Mbeya nako nimeshajibiwa hivyo hivyo kuhusu CD za mawaidha.

Ni kweli maneno ya Allah (s.w.) hayana hatimiliki ya mtu. Lakini tafsiri je? Ile ni miaka ya jasho la mwanachuoni, na fedha za aliyeichapa.

Ulimwengu ulilitambua hilo katika Mkataba wa Berne, Uswisi, uliotiwa saini na nchi 10 tarehe 9 Septemba 1886. Kabla yake kitabu cha London kilichapwa upya New York bila mwandishi kupata hata senti. Charles Dickens alipozuru Marekani mwaka 1842 alilalamika hadharani, magazeti ya huko yakamshambulia. (Marekani, inayowahubiria wengine leo, ilijiunga na mkataba huo mwaka 1989!) Mkataba ulitaka mtunzi mgeni alindwe kama mwenyeji, na tafsiri halali ilindwe kama kazi asilia.

Wapo watakaosema huo ni mkataba wa wakoloni. Wana hoja. Tunisia ilikuwamo ikiwa chini ya himaya ya Ufaransa. Na Uingereza na Ujerumani, zilizokuwa zikilinda vitabu vya watu wao, kabla mwaka huo haujakwisha zilikubaliana kugawana maeneo ya ushawishi Afrika Mashariki, na Sultan Barghash akabakiziwa ukanda wa pwani wa maili 10. Kwao kitabu kilikuwa na mwenyewe, ardhi yetu haikuwa na mwenyewe!

Lakini ubaya wa waliotia saini hauhalalishi mali ya mtu. Baraza la Fiqhi la Kiislamu, lilipokutana Kuwait Desemba 1988, liliamua kuwa haki za watunzi zinalindwa na sharia na haijuzu kuzivamia. Tanzania nayo ilijiunga na Berne mwaka 1994, ikatunga sheria yake ya hakimiliki mwaka 1999. Kipimo ni uhai wa mtunzi na miaka 50 baada yake. Sheikh Abdullah Saleh Farsy alifariki mwaka 1982, hivyo kwa hesabu hiyo kazi zake zinalindwa hadi mwisho wa 2032.

Umasikini wa madrasa zetu naujua. Mkataba wenyewe umeacha nafasi ya kunukuu na kutumia sehemu ya kitabu kwa kufundishia. Ustadh anayeandika ukurasa ubaoni si sawa na anayetoa nakala 200 na kuzipanga mkekani. Huyu wa pili anamfanya mchapishaji asithubutu kutoa juzuu inayofuata, na anayekosa ni mtoto yule yule wa madrasa.

Nilimwuliza yule kijana: kama elimu haina mwenyewe, jina la mchapishaji lilikatwa kwa nini? Akacheka kidogo, akaanza kukunja mkeka wake.