Kumsimamia Bibi Harusi: Mbinu za Wapambe wa Majumba ya Kifalme

Binti akikuomba uwe matroni wake, jua kwamba anakupa kazi, tena kazi ya zamani. Katika majumba ya kifalme walikuwapo wanawake walioishi ubavuni mwa malkia au binti wa sultani: walimvika, walimtunzia vito, walimuuguza na kumfichia siri. Uingereza wengi walitoka familia kubwa. Zanzibar ya Sultani Sayyid Said kazi nyingi za namna hiyo zilifanywa na watumwa, wasioulizwa kama wanataka. Wewe unaulizwa. Ukikubali, ifanye kwa moyo wote. Haya ni ya kuzingatia, iwe harusi iko Bweri, Bunda au Butiama.

Muulize akiwa peke yake

Kabla hujasema ndiyo, kaeni wawili, mbali na shangazi zake na kamati ya harusi. Muulize bila kuzunguka: unamtaka huyu mwanamume? Sheria ya Ndoa ya mwaka 1971 inataka ndoa iwe ya hiari, na inataka taarifa ya kusudio itolewe angalau siku 21 kabla. Siku hizo zipo ili mwenye pingamizi apate kusema.

Mkoani kwetu Mara wapo mabinti ambao ng'ombe wa mahari walihesabiwa kabla ya wao kuulizwa. Binti akiinamisha kichwa na kulia, usimwambie atazoea. Siku hiyo kazi yako si gauni tena. Mpeleke kwa mtu mzima mnayemwamini, kwa mchungaji au paroko, kwa ofisa ustawi wa jamii, au kwenye Dawati la Jinsia na Watoto la polisi.

Akikujibu kwamba anamtaka, malizeni palepale mambo ya fedha: nani analipia nguo yako, saluni na usafiri. Ugomvi mwingi kati ya matroni na bibi harusi huanzia hapo.

Jua nani ni nani

Katika jumba la Mtoni, Unguja, mke mkuu wa Sayyid Said alikuwa Bibi Azze binti Sef. Alikuwa mfupi na hakujaliwa mtoto, lakini nyumba nzima ilimcha. Mgeni aliyetazama umbo tu asingejua nguvu iko kwa nani.

Familia zetu nazo ni pana. Mtemi Nyerere Burito wa Butiama alikuwa na wake 22, na Mgaya wa Nyang'ombe, mama yake Mwalimu Julius Nyerere, alikuwa wa tano. Hata leo, bibi harusi anaweza kuingia ukweni akakuta mama mkubwa ambaye neno lake linazidi la mama mkwe, ingawa hajakaa meza ya mbele.

Basi tafuta shangazi wa bwana harusi mapema, uende na daftari. Andika majina ya mama wakubwa, mama wadogo, mashangazi na mabibi wa pande zote. Uliza nani anaamkiwa kwa kupigiwa goti na nani ana kinyongo na nani. Kama ukweni ni kwa Wajita, Wakwaya, Wazanaki au Wakurya na binti anatoka kwingine, mfundishe salamu ya hapo na uirudie naye mpaka iwe nyepesi mdomoni.

Andika, usitegemee kichwa

Blanche Parry alimtumikia Elizabeth wa Kwanza wa Uingereza kwa zaidi ya miaka 50, tangu malkia huyo akiwa mtoto mchanga. Ndiye aliyetunza vito vyake. Uzeeni macho yalimwishia, na mwaka 1587 vito hivyo vikakabidhiwa kwa mpambe mwenzake, Mary Radcliffe, kwa orodha iliyoandikwa. Dhamana inatunzwa kwa maandishi.

Kwenye kicheni pati na sendofu, kaa na daftari karibu na meza ya zawadi. Andika jina la mtoaji, alichotoa na namba yake ya simu. Bahasha zisifunguliwe ukumbini. Zihesabiwe nyumbani na watu wawili, wote watie sahihi. Vitu vya kuazima, kama hereni au viatu, viandikwe ukurasa wa peke yake pamoja na siku ya kuvirudisha.

Mkoba wa matroni

Uwe mkubwa na wenye zipu. Tia sindano iliyokwisha kutungwa uzi mweupe, pini za aina mbili, kitambaa safi cha jasho, pedi, dawa ya maumivu, maji, mrija wa kunywea ili rangi ya mdomo isifutike, kanga mbili, ndala, chaja ya simu na noti ndogondogo. Pete zisikae humo kama msimamizi wa bwana harusi yupo; muulize asubuhi, na muulize tena mlangoni mwa kanisa.

Upepo wa ziwa mchana hauna huruma na shela. Ibane kwa pini mbili zilizopishana chini ya nywele. Mnaposhuka kwenye gari, tangulia wewe kushuka, kusanya mkia wa gauni mikononi, yeye atoe miguu yote miwili kwanza ndipo asimame. Mkia uachie akiwa amekanyaga mahali pasipo na vumbi.

Mtunze mwilini

Mwaka 1562 Malkia Elizabeth alipougua ndui, mpambe wake Mary Sidney alimuuguza mpaka akapona. Mwenyewe akaambukizwa, uso wake ukabaki na makovu. Wewe hudaiwi kiasi hicho. Unadaiwa kuhakikisha bibi harusi amekula asubuhi. Uji na yai vinatosha. Wengi huanguka kanisani kwa njaa. Mpeleke chooni kabla ya kutoka saluni: inua gauni lote kutoka nyuma, likunje kifuani kwake, alishike mwenyewe huku wewe ukishika shela. Akianza kutetemeka, mwambie avute pumzi taratibu.

Usiwe kalamu ya ugomvi

Sayyida Salme, binti wa Sayyid Said, alijifunza kuandika kwa siri wakati wasichana wa jumbani hawakufundishwa. Mwaka 1859 kaka yake Barghash alipopanga kumpindua kaka yao Majid, aliyekuwa sultani, Salme, akiwa na miaka 15, ndiye aliyewaandikia wala njama barua zao. Jaribio likashindwa, Barghash akapelekwa Bombay, na Salme akabaki amesusiwa na ndugu na marafiki. Aliyaeleza mwenyewe katika kitabu alichokitoa kwa Kijerumani mwaka 1886.

Wiki ya harusi utatumwa maneno: mama mdogo hajapewa sare, wifi anasema mchango umeliwa. Usiyabebe. Mwambie anayekutuma aongee mwenyewe na mwenyekiti wa kamati. Simu ya bibi harusi ikae kwako siku ile, na ujumbe wa shari usimsomee.

Sahihi yako

Sheria inataka ndoa ishuhudiwe na watu wasiopungua wawili, na mara nyingi mmoja wao ni matroni. Kabla ya kusaini, soma majina yote na tarehe. Herufi moja iliyokosewa itawasumbua wenye cheti kwa miaka.

Baada ya wiki moja mpigie simu, na baada ya mwezi mtembelee, mkae tena wawili. Muulize anaendeleaje, usikilize zaidi ya unavyosema. Akikwambia mume ni mkali wa maneno, tafuteni wazee. Akikwambia anapigwa, usimrudishe akavumilie. Nenda naye dawatini. Ulishuhudia kwamba aliingia kwa hiari, na ana haki ya kukukuta upande wake.